Kisumu Ilivyotekwa kwa Sufuria ya Pilau

Wenzangu wa Kaloleni, na nyinyi wa Kibuye mnaonichagulia vitunguu, mmeuliza vya kutosha. Siwezi kwenda kuteka maji bila kusimamishwa. Zaituni, ulikuwa wapi? Zaituni, ni kweli ulimwona kwa macho yako? Zaituni, na ile kamba ya mafunjo iliyofungwa kwenye mwimo wa mlango wa mama yako ni dawa ya nini? Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila mara anatokea mtu wa kunikatiza katikati aniulize wali wa watu mia unataka mafuta kiasi gani. Kwa hiyo naandika. Atakayesoma asome, na atakayesema Zaituni ameingiwa na malaria kichwani, shauri yake.

Kwa asiyenijua, mimi ni mpishi wa harusi. Kama uliwahi kula pilau mjini hapa ukarudi jikoni kuomba ukoko, huenda ulikuwa wangu.

Mnamkumbuka mdogo wangu Rukia, aliyekuwa akiuza leso Kibuye. Aliolewa na Odera, yule mtu mpole aletaye mikeka ya mafunjo sokoni, akahamia kwao. Kwao si Seme wala Rusinga. Kwao ni kwenye milki ya Ruoth Owila, visiwa vinavyoelea ndani kabisa ya ziwa, ambavyo yule mfalme aliviteka kimoja kimoja kwa vita na uchawi, akavifunga pamoja kwa kamba. Tulipokuwa wadogo wazee walimtaja kwa kunong'ona, nasi tukadhani ni maneno ya kutulaza mapema. Rukia alipoolewa huko tukajua kwamba wazee hawakuwa wakitania.

Tangu alipojifungua hakurudi tena. Mama yetu macho yanamzimika, na swali lake lilikuwa hilo hilo asubuhi na jioni: Rukia nitamwona lini? Mwezi wa Shaabani akaniita akaniambia, "Zaituni, niletee mdogo wako kabla macho yangu hayajafunga duka." Halikuwa ombi, na mimi sijazaliwa upya niweze kumkatalia mama yangu. Nikafunga safari.

Ufukoni: upepo unapojifanya mkubwa

Ulikuwa mwaka ule magugu maji yalipoziba ghuba yote. Mnakumbuka wenyewe. Meli zilikaa bandarini kama kuku wanaoatamia, wavuvi wakashinda wakicheza bao, na kila mtu mjini alikuwa na tusi lake dhidi ya lile jani la kijani. Mimi nilishuka Dunga na sufuria yangu kubwa, gunia la mchele, vitunguu, na bizari niliyoisaga kwa mkono wangu, maana nilikuwa na mpango. Mfalme ni mtu, na mtu ana tumbo. Nitampikia, atalainika, atamwachia Rukia aje amwone mama yake.

Odera alinikuta nimekaa juu ya gunia. Alikuwa amesimama juu ya kipande cha mafunjo kinachoelea, mkononi ana upondo, na kiunoni amefungwa uzi mwembamba uliokwenda kupotelea ndani ya magugu.

"Mashua iko wapi?" nikamwuliza.

"Shemeji, ndiyo hii."

"Huu ni mkeka, Odera."

"Ni mkeka, lakini inajua njia. Sema tu upepo bado haijakubali."

Upepo haukukubali siku hiyo wala iliyofuata. Nilirudi nyumbani na sufuria kichwani, majirani wakinisalimu, "Ah, Zaituni, umesharudi safari?" Nikashuka tena, nikarudi tena. Mwishowe sufuria na gunia nikaviacha kwa mama mmoja anayekaanga samaki pale ufukoni, ambaye kila nikifika alinisogezea kigoda na kipande cha mbuta bila kuniuliza kama nina njaa. Aliniuliza tu nampikia nani. Nilipomtajia Ruoth Owila, aliacha kugeuza samaki.

"Huyo alichukua kisiwa ya nyanya yangu," akasema. "Alikuja na vita, akachukua ng'ombe yote."

"Basi lazima unamchukia."

"Nimchukie kwa nini, Mama? Kabla yake hiyo kisiwa ilikuwa inatembea tu. Nyanya alienda kwa jirani kuomba moto, kurudi hivi, kwake imeenda. Watoto wote ndani. Alilia mpaka akanyamaza. Ni Ruoth alishika hiyo kisiwa, akarudisha." Akageuza samaki wake. "Ng'ombe alikula, hiyo ni kweli. Lakini watoto alirudisha. Mwambie tunamsalimu."

Nilikaa na maneno yale mpaka upepo ulipokubali.

Ndani ya magugu

Nilidhani Odera atasukuma kwa upondo. Akavuta ule uzi wa kiunoni, na uzi ukavutwa kutoka upande wa pili. Mkeka ukaanza kwenda. Magugu yalifunguka mbele yetu na kujifunga nyuma, maua yake ya zambarau yakinigusa magoti, na mimi niliyekuwa nikiyatukana pamoja nanyi nikaona kwamba ni mazuri. Tulikula nyoyo baridi kutoka kwenye kopo, mahindi na maharagwe yasiyojua chumvi. Nilimwambia Odera kwamba aliyechemsha nyoyo ile anastahili kushtakiwa. Akasema ameichemsha mwenyewe.

Kilichokuwa kikituvuta nilikiona tulipofika maji ya wazi. Walikuwa viboko wanne wakubwa wenye njuga za kauri shingoni, na juu ya migongo yao wamesimama wanaume wenye ngao za ngozi ya mbuta. Nilisoma dua zote nilizofundishwa chuoni na nyingine nikazitunga papo hapo. Mmoja wa wale askari akainama kunitazama.

"Mama, unatoka wapi?"

"Kisumu."

"Unaletea Ruoth vita ama chakula?"

"Chakula!" nikasema, kifua mbele. "Tena chakula ambacho hajawahi kukila."

Wakatazamana. Mmoja akapiga baragumu ya pembe, na mbali huko pembe nyingine ikaitikia, na nyingine. Niliona hawa ni watu wastaarabu, wanajua kumpokea mpishi. Odera alikuwa ameshika kichwa.

"Shemeji, hiyo swali ungeniachia mimi nijibu."

"Wewe na nyoyo yako?" nikamwambia. Sikumpa tena nafasi, maana visiwa vilikuwa vimeanza kuonekana.

Jamani, natamani mngeviona. Visiwa vya mafunjo vyenye nyumba, mazizi na mashamba ya mtama, vyote vikipanda na kushuka taratibu na maji kama kifua cha mtu aliyelala. Kati ya kisiwa na kisiwa zilipita kamba nene kama paja langu, nanyi paja langu mnalijua. Kamba zile zilikuwa zikivuma, sauti ya chini ambayo unaisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Wanawake walizipita wakibeba mitungi kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine, wakisengenyana kama wanavuka barabara ya Oginga. Nikamkumbuka nyanya wa yule mama wa samaki. Mtu aliyefanya hivi, nikajiambia, hata kama ni mchawi, ni fundi.

Kwa Rukia

Rukia alinikimbilia akalia, nami nikalia, kisha nikamwambia amenenepa, akacheka. Mtoto wake amempa jina la Mama, Khadija, na pua pia amempa ya Mama, maskini. Nyumba ni safi. Ila ardhi inabonyea chini ya miguu, na siku ya kwanza nilitembea kama mlevi anayejifanya hajanywa.

Usiku haujaingia nikamwambia nilichokuja kufanya. Rukia akaacha kucheka.

"Da Zai, sitoki. Si kwamba sitaki. Mimi ni kigingi."

Akanipeleka pembeni, akasimama kwenye maji mafupi, akanionyesha. Pale aliposimama mizizi ya mafunjo ilisogea na kukusanyika kwenye miguu yake. Ndivyo Ruoth alivyovifunga visiwa vyake. Kamba hushika kisiwa kwa kisiwa, lakini ndani ya kisiwa kinachoishika kamba ni mama waliozalia pale. Mama mmoja akitoka nje ya kamba hizi, fundo la kisiwa chote hulegea.

"Na Mama yetu?" nikamwuliza.

"Kila siku namwaza," akasema. "Lakini hapa kuna nyumba za watu, Da Zai. Wana watoto kama wangu."

Nikageuza huzuni kuwa hasira, kama kawaida yangu. Nikasema huyo mfalme nitamwona kesho, na nikaanza kuchambua mchele.

Kwa Ruoth, na sufuria yangu

Nilipikia kwenye kisiwa cha Ruoth, hadharani, moto wa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Odera alinijia mara mbili akitaka kuniambia jambo. Mimi nikishaanza kukaanga vitunguu sisikilizi mwanamume yeyote. Harufu ilipotoka, watu walianza kukusanyika, na pilau ilipoiva nikapiga kata ya leso kichwani, nikabeba sufuria mwenyewe, nikapita katikati yao kuelekea barazani.

Watu wakapiga magoti. Wanawake wakapiga vigelegele. Niliwahi kupika harusi za matajiri, lakini heshima kama ile sijawahi kupewa, na nilitembea polepole ili niifaidi.

Nilitegemea kumkuta jitu. Nikamkuta mtu mfupi, mweusi, mkavu, amesimama. Kamba za visiwa vyote ziliingia pale barazani na kupita mikononi mwake kabla ya kufungwa kwenye nguzo, na mikono ile ilikuwa na sugu kama kwato. Hajalala chali tangu alipoteka kisiwa cha kwanza. Husinzia kwa kuegemea nguzo, akisikiliza. Nikiwa bado nimesimama na sufuria kichwani, aligeuza sikio upande mmoja, akamwambia askari, "Kule kwa wafinyanzi mbuzi inakula kamba. Ile ya madoa. Mtoe." Na kweli, mbuzi wa madoa alikuwa akitafuna kamba.

Alikula kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye kamba. Alikula mpaka ukoko. Kisha akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Nimekubali. Kisumu imeingia."

Vigelegele tena. Nikamgeukia Odera. "Imeingia wapi?"

"Shemeji, ndiyo nilikuwa nataka kukuambia. Hapa mtu akibebea Ruoth chakula kwa kichwa, bila kushindwa vita, amesalimisha nchi yake."

"Nchi gani? Mimi nina chumba kimoja!"

"Uliulizwa unatoka wapi. Ukasema Kisumu."

"Yote?"

"Hukusema ni Kaloleni peke yake."

Basi wenzangu, mnisamehe. Nilisalimisha stesheni, bandari, Kibuye na vitunguu vyake, Kondele, Nyalenda na Nyamasaria yote mpaka njia ya Nairobi, bila hata kumwuliza meya. Na nilifanya hivyo nikitabasamu.

Lakini nikaona maadamu nimeshalipa, niombe. Nikamwambia nimekuja kumchukua Rukia, mama yetu anamngoja, macho yake yanakwisha.

"Mama haendi," akasema Ruoth. "Mama akitoka, kisiwa inaenda."

"Ni siku chache tu. Mama yangu anangoja."

"Na mimi nangoja yangu."

Akaniambia, bila kuacha kusikiliza kamba zake. Alikuwa mtoto, amevuka kisiwa cha pili kuchunga ndama. Upepo ukageuka. Alipotazama nyuma, kisiwa cha kwao kilikuwa kinaondoka, na mama yake amesimama ukingoni akimpungia mwiko. Alikuwa anapika. Tangu siku hiyo hajaacha kukitafuta. Uchawi aliutafuta kwa ajili hiyo, na vita alivipiga kwa ajili hiyo. Kila kisiwa alichokiteka aliingia kila nyumba, akitazama uso wa kila mwanamke mzee. Na alipokuta si yeye, hakuona haja ya kukiachia kisiwa cha watu kipotee kama chake.

Nilikuwa nimekwenda kumgombeza. Nilirudi kwa Rukia na sufuria tupu. Nilimwogopa, sikatai, na ng'ombe za watu amekula. Lakini nawaambia ukweli wa moyo wangu: nilimpenda mtu yule.

Tonge la mchana

Siku iliyofuata jioni mwezi ulionekana, mwembamba kama ukucha, juu ya maji yasiyo na mwisho. Ramadhani ikanikuta ugenini. Rukia na mimi tukatia nia.

Sasa, sheria yao ni kwamba nchi ikishaingia, mtu wake lazima ale tonge kutoka mkononi mwa Ruoth, adhuhuri, mbele ya watu. Akimeza, fundo la nchi ile linakaza. Na nchi ngeni hufungwa kwenye kamba ya ndugu zake. Kwa hiyo walikuwa wamelegeza kamba ya kisiwa cha Rukia tayari kuipokea Kisumu, na haiwezi kukazwa tena mpaka tonge limezwe. Haya yote niliambiwa kesho yake, nikiwa nimeshasimama mbele yake, na tonge la ugali wa mtama na samaki wa ngege likiwa mbele ya midomo yangu.

"Ruoth," nikasema, "nina saumu."

"Hiyo ni nini?"

"Sili mpaka jua lizame."

"Nani amekukataza?"

"Mungu."

Akatazama huku na huku. "Jeshi yake iko wapi?"

"Hana haja nalo. Unaniona niko peke yangu, na sijala."

Najua mtasema msafiri ana ruhusa. Ruhusa ninaijua. Lakini nilikuwa nimeshafika kwa ndugu yangu, nimetia nia, na zaidi ya yote sipendi kulishwa kwa amri. Kichwa changu mnakijua, na safari hii kingeniponza vibaya, maana watu walipiga kelele na nilipogeuka niliona maji yamefunguka. Kisiwa cha Rukia kilikuwa kinaondoka. Rukia amesimama ukingoni, Khadija mgongoni, ameinua mkono.

Mungu anisamehe, sikufikiri mara mbili. Nilimwona Mama yetu amekaa mlangoni akiuliza, na mimi sina cha kumjibu mpaka anakufa. Nikanyoosha mkono nilichukue lile tonge.

Ruoth akalirudisha nyuma.

"Hapana," akasema. "Umesema mpaka jua izame. Nitashika."

Akaliweka tonge juu ya jani. Akaifungua kamba ya Rukia kwenye nguzo, akaizungusha kiunoni, akachimbia visigino, akashika. Yule mtu mfupi alishika kisiwa chenye watu na ng'ombe, jua likiwa utosini, ili mwanamke wa Kaloleni asile kabla ya wakati wake. Kisiwa kikasimama. Kisha kikaenda kidogo. Kikasimama tena.

Kufika alasiri miguu yake ilikuwa imezama mpaka magoti, na kamba ilikuwa nyekundu pale ilipopita mikononi. Watu walisimama wakitazama. Kamba ya Ruoth haiguswi na mtu mwingine, ndivyo walivyofundishwa tangu walipotekwa. Mimi sikufundishwa. Hata ningefundishwa, yule alikuwa mdogo wangu kule. Nikafunga leso kiunoni, nikashika kamba nyuma yake. Mikono hii imezoea kutoa sufuria za harusi motoni.

Nikasikia mtu ameshika nyuma yangu. Ni mwanamke wa kisiwa cha wafinyanzi, na baadaye niliambiwa Ruoth alimuua fahali wa baba yake. Nyuma yake akashika mwingine. Wakaja askari, wakaja wazee, wakaja watu wa visiwa vyote, na hapakuwa na mtu aliyewaita. Hakuna aliyekula tena siku ile. Ruoth aligeuza shingo akaona mstari wa watu mpaka majini, kisha akageuka mbele akavuta.

Jua lilipogusa maji, kisiwa kiligusa kisiwa. Rukia akaruka akaja. Ruoth alilichukua tonge lake lililokauka, akalilowesha kidogo kwa mchuzi, akaniuliza, "Sasa?"

"Bado kidogo," nikamwambia. Akangoja. Nikasema bismillahi, nikanywa maji, nikala kutoka mkononi mwake, na sijawahi kula kitu kitamu kama kile, wala sisemi hivi kwa wapishi wengi.

Alikaa chini. Odera anasema hawajawahi kumwona ameketi. Alitazama mikono yake, kisha akawatazama watu.

"Mama yako bado anaona?" akaniuliza.

"Kidogo. Kivuli tu."

"Basi asingoje."

"Lakini ulisema mama hatoki kisiwani."

"Hatoki," akasema Ruoth. "Kisiwa itoke na yeye."

Kurudi, na kisiwa kizima

Mnaosafiri na kapu moja mna raha. Mimi nilirudi na kisiwa, na mbuzi wake, na jirani wa Rukia aliyelalamika njia nzima kwamba dagaa zake za omena hazijakauka na tunazipeleka penye kivuli. Ruoth alikisukuma kwa mguu wake mwenyewe. Hakutuma viboko. Akanipa ncha moja ya kamba nyembamba ya mafunjo, nyingine akabaki nayo mkononi, akaniambia, "Kisumu ni yangu. Funga kwa mlango ya mama yako." Kamba kubwa ya kisiwa akaiachia.

"Atakivuta kisiwa lini kirudi?" nikamwuliza Odera tulipokuwa mbali.

"Hatavuta," akasema Odera. "Amesema tukitaka kurudi, tutarudi."

Tuliingia Dunga asubuhi. Nyinyi mliokuwepo mlisikia wavuvi wakitukana kwamba magugu mengine yamekuja. Yule mama wa samaki peke yake hakutukana. Aliacha kikaango motoni, akaingia majini na gauni lake, akagusa ukingo wa kisiwa.

Mama tulimleta kwa mkokoteni kutoka Kaloleni, akiwa amevaa buibui lake la Idi na akitukemea kwa kila shimo la barabara. Anaogopa maji, mnajua. Alifika ukingoni akasema hakanyagi. Kisha Khadija akalia mahali fulani, na mama yangu akakanyaga, akaenda moja kwa moja bila kushikwa mkono. Alimshika Rukia uso kwa viganja viwili, akausogeza karibu kabisa na macho yake, akautazama muda mrefu. "Umenenepa," akasema. Khadija akamshika pua.

Tulifuturu pale siku zote upepo ulipokuwa umetulia, na sitaeleza zaidi, hayo ni yetu.

Upepo ulipogeuka, watu wa kisiwa walikaa kikao. Hawakuwa wamefungwa na mtu. Mmoja akasema wangeweza kwenda Homa Bay, mwingine akasema hata Uganda. Walibishana, kisha yule jirani wa omena akasema, "Mtu tumemwacha kule mikono imechubuka. Nani atamsaidia kushika?" Hapo kikao kikaisha. Walichukua pondo zao wenyewe, wakaondoka. Nyinyi mliona magugu yakiondoka ufukoni jioni ile, mkasema ni upepo.

Basi hiyo ndiyo kamba mnayouliza. Si dawa. Ni alama kwamba tumetekwa, na aliyewasalimisha ni mimi, na sijuti.

Nilimsimulia Mama yote, kama nilivyowasimulia nyinyi. Hakuuliza habari za viboko wala za uchawi. Aliuliza jambo moja tu: "Na yule mtoto aliyechunga ndama, mama yake alimpata?" Nikamwambia bado. Akanyoosha mkono akapapasa mwimo wa mlango mpaka akaipata kamba.

Sasa kila magharibi, kabla hajatia chochote mdomoni, Mama huivuta ile kamba mara mbili, kama mtu anayemwita mtoto aliyechelewa michezoni, akauliza, "Owila, umekula?" Kisha husubiri, mkono juu ya kamba. Ikikaza kidogo na kulegea, ndipo huniambia nimpakulie.